Pua ni Ongeza, Sikio ni Basi

Kuna watu waliozaliwa na sauti, na kuna sauti zilizozaliwa kwanza, mtu akafuata baadaye. Mnadi wa yadi ya vitu vilivyotumika alikuwa wa kundi hili la pili. Mtaa mzima ulimwita Spika, na hakuna aliyekumbuka nani alianza. Siku ya Jumamosi alipopanda juu ya kasha lake na kutangaza, "Mabibi na mabwana, jokofu hili halijawahi kugombana na mtu," wauza vitunguu ng'ambo ya barabara waliacha kupima wakasikiliza. Vipaza sauti alividharau. Alisema hivyo ni vya watu ambao mama zao hawakuwaacha walie vya kutosha walipokuwa wachanga.

Mkewe alikuwa mshona mapazia, na maneno yake aliyakata kwa kipimo, asije akapoteza hata inchi. Walikutana hapo hapo yadini. Siku hiyo, binti wa watu alimwona shoga yake upande wa pili wa umati, akampungia mkono. Spika akapiga nyundo. Shoga hakusikia salamu, ila binti aliondoka akiwa mwenye mali: kabati la milango mitatu. Alipolalamika, Spika alimwambia mnada hauna samahani, lakini kwa mnunuzi mzuri namna ile angelibeba kabati mwenyewe mpaka kwake. Alilibeba. Halikupita mlangoni. Mpaka leo mkewe anasema ilibidi aolewe ili kabati lipate pa kukaa, na mpaka leo mumewe humwita Mteja, hata mbele ya wakwe.

Sasa tuje kwenye shingo. Ilianza na uvimbe mdogo ambao mtu angeweza kuufunika kwa kidole gumba. Ukakua taratibu, bila haraka, mpaka kifungo cha juu cha shati kikagoma, kisha cha pili nacho kikagoma kwa kumwonea mwenzake huruma. Spika alipoulizwa alijibu kwamba hilo ndilo ghala lake la sauti. Watu walicheka, naye akapata kisingizio cha kutokwenda hospitali. Lakini alipoanza kukoroma akiwa macho, na kusimama katikati ya ngazi kutafuta pumzi, mkewe aliweka mkasi chini, akavaa viatu, akasema neno moja: "Twende."

Daktari wa upasuaji, mama mmoja mwembamba asiyependa maneno ya kuzunguka, aliwaeleza waziwazi. Tezi ya shingo ilikuwa imeshuka mpaka nyuma ya mfupa wa kifua na inabana njia ya hewa. Lazima itolewe yote. Na mishipa inayoendesha nyuzi za sauti inapita pale pale. "Nitaitunza kama mboni ya jicho langu," alisema, "lakini siwezi kukuapia."

"Nitaweza kunadi?" Spika aliuliza.

"Kwanza tupumue, baba. Mengine baadaye."

Upasuaji ulikula mchana mzima. Spika alirudi nyumbani na shingo ngumu, na mshono mrefu uliozunguka mbele toka upande mmoja hadi mwingine. Mkewe aliukagua kwa jicho la kazi yake, akakiri kwamba waliopinda ule ukingo wanajua kushona. Lakini Spika alipofungua kinywa kuomba maji, ilitoka pumzi tupu. Daktari alikuwa ametoa amri: asiseme chochote, hata kunong'ona ni marufuku, mpaka siku ya kurudi kliniki kutazamwa koo. Asibebe kitu, asiiname, alale ameegemea mito. Binti yao, aliyeolewa mji mwingine, alipopigiwa simu hakuamini. "Baba yangu mimi? Kimya? Mama, umemfunga kamba?"

Siku za mwanzo zilikuwa vurugu. Mwandiko wa Spika haukusomeka tangu shule, hata yeye mwenyewe alihitaji kuukisia. Wakajaribu simu. Vidole vyake vilikuwa vinene na simu nayo ilikuwa na kiherehere cha kumalizia watu maneno. Alitaka mto wa kuegemea. Mkewe, akiwa jikoni, akapokea ujumbe: "Mteja naomba mtoto."

Akaja mlangoni, mwiko mkononi. "Kwa umri huu?" akauliza. "Na kidonda hicho?"

Spika alitaka kucheka, kucheka kukauma, akashika shingo huku mabega yakimtikisika. Simu ikawekwa kabatini.

Mkewe ndiye aliyepata dawa. Yadini, wanunuzi wazoefu hawapigi kelele. Hawataki jirani ajue nani anapandisha dau. Anayegusa pua anasema naongeza. Anayeshika sikio anasema basi, nimetoka. Akarudi na bakuli la uji, akasimama mbele ya kitanda, akakohoa kidogo kwa aibu, akasema, "Mabibi na mabwana, uji huu umepikwa na mtu mmoja tu, kwa mkono wake. Tunaanza na kijiko kimoja. Nani anaongeza?"

Spika alimkodolea macho. Mkewe hakuwahi kumfanyia mzaha wa namna hiyo tangu waoane. Akagusa pua.

"Viwili upande wa dirisha! Nasikia vitatu?"

Waswahili husema mgonjwa haulizwi uji, na kweli huyu hakuulizwa, alinadiwa. Alimaliza bakuli. Tangu hapo nyumba ile iliendeshwa kwa pua na sikio. Mto uongezwe? Pua. Redio? Sikio. Jirani anayesimulia habari za figo zake aendelee? Sikio, sikio, sikio. Asubuhi mkewe alimkalisha kwenye kiti cha bafuni, akamwogesha kuanzia mabega kwenda chini, taulo limezungushwa shingoni maji yasiguse mshono, kisha akampa kidonge chake kabla ya chai, kile ambacho atakimeza maisha yake yote kwa kuwa tezi haipo tena. Mchana alisogeza cherehani chumbani akashona hapo hapo. Na kwa kuwa mtu mmoja ndani ya nyumba alikuwa hasemi, mwingine akajikuta anasema. Alimsimulia habari za mteja aliyetaka mapazia ya rangi ya furaha. Alimsimulia walivyogombana yeye na dada yake utotoni kwa ajili ya kitana. Spika alisikiliza kwa mshangao. Alikuwa ameishi na hadithi zote hizo chini ya paa moja bila kuzisikia, maana kila mara yeye ndiye aliyekuwa anaongea.

Msidhani alikuwa ametulia moyoni. Siku moja mkewe alipotoka kupeleka mapazia, Spika alijifungia bafuni, akajitazama kwenye kioo, akajaribu. "Mara ya kwanza," alitaka kusema, ile hesabu ya mara tatu inayotangulia nyundo. Kilichotoka kilikuwa mlio wa tairi linalopungua upepo. Akajaribu tena, ikawa vile vile. Akakaa kwenye kile kiti cha bafuni, akaogopa kweli kweli, woga ambao hakuupata hata alipokuwa akisukumwa kwenye kitanda cha magurudumu kwenda kupasuliwa. Mnadi bila sauti ni nini? Ni mtu aliyesimama juu ya kasha.

Alipofungua mlango alimkuta mkewe amesimama nje, kapu mkononi. Alikuwa amesahau futi ya kupimia akarudi.

"Nimesikia," mkewe alisema.

Spika akainamisha macho, na machozi yakamtoka. Mkewe hakumwambia nyamaza wala pole. Alimshika mkono, akamketisha kitandani, akakaa naye. "Mimi nilikuwa naomba utoke kwenye chumba cha upasuaji ukiwa unapumua," akasema hatimaye. "Sauti sikuikumbuka hata kidogo. Mungu anisamehe, wala sikuiombea." Kisha akamgombeza kwa kuvunja amri ya daktari, akamgombeza barabara, na wote wawili wakajisikia nafuu.

Wiki ile ile akaja mwenye yadi kumjulia hali. Alikuwa mtu mnene mwenye roho safi na mdomo usio na breki, na kikopo chake cha ugoro hakikuachana na mkono wake. Mkewe Spika akamkaribisha, akaenda jikoni kutengeneza chai.

"Ndugu yangu, umependeza," mwenye yadi alianza. "Umekonda, lakini umependeza. Sasa nisikufiche. Jumamosi hizi nanadi mwenyewe, na watu wananizomea. Kuna jamaa amenijia, ana spika ya betri, sauti ameshairekodi nyumbani kwake. Yeye kazi yake ni kubonyeza tu. Anataka nafasi ya kudumu. Nikamwambia siwezi kumpa mtu kiti cha Spika bila kumuuliza Spika. Ndiyo nimekuja. Nimpe?"

Huku akisubiri jibu, alifungua kikopo, akabana ugoro kidogo, akauvuta. Vumbi lake likaelea taratibu kuelekea kitandani.

Mtu aliyepasuliwa shingo anaogopa chafya kuliko jambazi. Spika aliisikia ikipanda, akaona mshono wake wote ukifumuka, akabana pua kwa vidole viwili kwa nguvu zake zote.

"Pua!" mwenye yadi alisema. Miaka yote alikuwa amekaa mbele ya watu wanaosema kwa pua, na kichwa chake hakikujua tena kwamba pua ina kazi nyingine. "Mungu akubariki, ndugu yangu. Najua si jambo rahisi." Akapiga kiganja mezani. "Imekwenda!"

Spika akashika sikio. Akashika yote mawili.

"Aa, sikio baada ya nyundo halisaidii kitu, wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha. Maji yakimwagika hayazoleki." Akajifuta macho kwa jinsi alivyoguswa na ukarimu wa rafiki yake, akaaga, akatoka kabla ya chai.

Mkewe aliporudi na sinia alimkuta mumewe ameshika masikio mawili, macho yamemtoka. "Basi ya nini tena? Chai yenyewe hujaionja." Spika akaonyesha kiti kitupu. Akavuta ugoro wa hewani, akabana pua. Akapiga kiganja mezani. Akabonyeza hewani kitufe kisichokuwepo, akajigusa kifuani, akaonyesha mlango, na nje, na mbali. Mtu mwingine angemwita daktari. Mkewe alikuwa ameisoma lugha ile kwa wiki nyingi. Aliweka sinia chini akatoka, futi ya kupimia ikiwa bado inaning'inia shingoni.

"Bosi! Simama hapo hapo!"

Mtaa ukageuka. Fundi viatu wa pembeni alisema baadaye kwamba alidhani Spika amepona. Hakuna aliyewahi kumsikia Mama Mapazia akiinua sauti, wengine walikuwa wanaamini hana.

Mwenye yadi akasimama. "Shemeji, vipi? Amezidiwa?"

"Hajazidiwa. Umenadi kazi ya mume wangu kwa chafya!"

"Chafya gani? Kagusa pua, shemeji. Wewe ni mke wa mnadi, unajua ishara ni neno."

"Najua. Na wewe ulihesabu mara ngapi?"

"Mara ngapi nini?"

"Kabla ya kupiga kiganja. Ulisema mara ya kwanza?"

Mwenye yadi akakitazama kiganja chake.

"Mara ya pili je, ulisema? Ya tatu? Toka lini mnada ukafungwa bila mara tatu? Basi mzigo bado uko uwanjani, na mimi napandisha dau."

"Unapandisha na nini, shemeji?"

"Jumamosi hii nanadi mimi. Na zinazofuata, mpaka mwenyewe awe tayari."

Aliyasema hayo, kisha akageuka nyuma kidogo, kana kwamba kuna mtu mwingine aliyeyasema. Mwenye yadi alicheka mpaka kikopo kikamponyoka. Akainua mkono mbele ya fundi viatu na mashahidi wengine, akahesabu polepole, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, akapiga kiganja kwenye nguzo ya umeme.

Mkewe alirudi ndani, akajitupa kwenye kiti, akainywa ile chai ya mgeni yote. "Mzee, nimefanya nini mimi?"

Spika alimtazama. Kisha taratibu, kwa furaha, akagusa pua.

Jumamosi ilipofika mkewe alimketisha Spika kwenye kiti cha mikono mbele ya umati, kanga imezungushwa shingoni, kazi yake ikiwa ni kutazama watu na kumwonyesha mkewe kwa kidole nani ameongeza. Mkewe alisimama mbele ya jokofu na kusema jambo ambalo hakuna aliyelisikia. Watu wakapiga mbinja. Mmoja akauliza kama betri imeisha. Akajaribu kupaza, sauti ikapasuka, wakacheka zaidi. Spika alikunja ngumi mapajani. Angekuwa na ruhusa ya neno moja tu siku ile, angelitumia kuwatukana.

Mkewe akaacha kupaza. "Jokofu hili," akasema kwa sauti yake ya nyumbani, "linanguruma kama mtu aliyeshiba, lakini linagandisha. Mlango wake unataka kusukumwa kwa nyonga. Mimi nimeusukuma asubuhi." Waliokuwa mbele wakacheka. Waliokuwa nyuma wakauliza amesema nini, wakasogea. Alipofika kwenye kiti chenye mguu uliounganishwa alisema wazi kwamba umeunganishwa, akakikalia, akayumba kidogo, akasema, "Kinakalika, ila si na mtu aliyekasirika." Wakasogea tena. Wauza vitunguu walivuka barabara kwa kuwa safari hii ng'ambo hakukusikika kitu. Kidole cha Spika kilikwenda kulia, kushoto, kulia, nyuma kwa mwenye kofia, na mkewe alikifuata bila kukosea. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walijua. Mpaka jua linasimama kichwani, yadi ilibaki na godoro moja na birika lisilo na mfuniko.

Spika aliona wivu. Hilo tuliseme. Aliona wivu wa mtu anayemwona mwingine amevaa koti lake na limemkaa. Na ndani ya wivu huo huo alikuwa na fahari iliyomjaa mpaka akashindwa kukaa sawa kwenye kiti. Vyote viwili alirudi navyo nyumbani.

Siku ya kliniki ikafika. Daktari aliingiza kamera nyembamba puani, akatazama kwa muda mrefu, akaitoa. "Sasa hesabu moja mpaka tano, polepole."

Moja haikutoka. Mbili ilitoka nusu. Tatu ilikuwa sauti: ya chini, yenye mikwaruzo, sauti ya mtu aliyeamshwa usingizini, lakini sauti. Mkewe alifunika uso kwa viganja. Nne. Tano.

"Uzi mmoja unafanya kazi vizuri," daktari akasema. "Wa pili umelegea. Sauti ya kuongea umeipata, na itaongezeka nguvu. Ila baba, ile ya kunadi hairudi. Ukiilazimisha utapoteza na hii. Nasikitika kukwambia hivyo, lakini ni bora nikwambie mimi."

Spika alitikisa kichwa kukubali. Alimshukuru kwa mkono.

Walitoka nje wakashika njia ya miguu kando ya barabara, na mkewe akawa anaongea bila kituo. Wangetafuta daktari mwingine. Kuna mazoezi ya koo, binti yao amesoma mahali. Na hivyo vipaza sauti siku hizi ni vidogo, mtu anabandika kwenye kola tu, hakuna anayeona. Na hata kama si hivyo, kuna kazi nyingine yadini, kupokea mizigo, kupanga. Spika alitembea kando yake bila kugusa pua wala sikio. Alikuwa anaumia. Mtu huwezi kuvuliwa kitu ulichozaliwa nacho ukaenda zako unapiga mluzi. Alizitazama nyayo zake, akaitazama futi ambayo mkewe alikuwa ameisahau tena shingoni, akamtazama mwenyewe jinsi alivyokuwa akihangaika kuyajaza maneno pale yeye alipokuwa hana.

"Jumamosi," akasema.

Mkewe akanyamaza katikati ya neno.

"Jumamosi usifungue na jokofu." Ilibidi apumzike, avute pumzi. "Anza na vitu vidogo. Sufuria, miavuli. Watu wazoee kuinua mikono. Na usipaze sauti. Ile yako ya chini ndiyo inayowasogeza."

Gari lilipita, likaenda. Mkewe alikuwa amesimama katikati ya njia, watu wakimpita huku na huku, macho yamejaa maji, na alikuwa amesikia kila neno.

"Sijasikia," akasema. "Rudia."